Watoto wa Wadudu Wekundu

Didia, Jumatano usiku

Bado sijamwambia. Mama amelala na furaha yake, na kosa ni langu.

Wiki iliyopita vidukari walipojaa kwenye pamba nilimsihi asipulize dawa. Nilimwonyesha wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, nikamwambia watakula vidukari wote. Akacheka. "Haya, msomi. Jumamosi ya wiki ijayo wakiwa hawajamaliza, naazima bomba la dawa kwa Baba Kulwa."

Leo nimerudi kutoka mjini nikamkuta shambani, ameshika kopo la maji ya sabuni.

"Njoo uone, mwanangu! Nimewasaidia wadudu wako kazi. Hivi vyeusi vyenye miiba vilijaa kila jani."

Nikachungulia ndani ya kopo. Walikuwa watoto wa wale wekundu. Hawafanani na wazazi wao hata kidogo, na ndio walaji wakubwa wa vidukari. Wote wameshakufa.

"Asante, mayu," nikasema. Sijui kwa nini.

Nilimwonyesha wakubwa tu. Miaka yote ile ya chuo, na sikufikiri kwamba mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote angetaka kwanza kuwajua ndama.

Safu za upande wa kisima hajazifikia. Amesema atazimaliza kesho asubuhi. Nitamwamsha mapema, twende wote, nimwonyeshe mmoja aliye hai akila. Akinicheka, anicheke. Ninachoogopa ni kwamba ataangalia mikono yake iliyowaua wale wengine, halafu aende kuazima lile bomba.