Pasi Yangu na Mayai ya Mama Njeru

Mjukuu wangu Wanja,

Huku Manyatta tuko wazima. Goti la cucu, bibi yako, limepona, sasa ananifukuza jikoni kwa mbio zaidi.

Umeuliza kama ninaelewa kazi yako huko Australia, ya kuunganisha betri za nyumba nyingi ziwe kama mtambo mmoja, na watu kulipwa wakipunguza matumizi. Ninaelewa, ingawa shule niliiacha darasa la sita, nayo ikashukuru.

Miaka ya tisini tulikuwa na kamtambo ka umeme mtoni, nyumba kumi na moja kwa laini moja. Mto ukipungua, pasi ilikatazwa, maana ilimeza umeme wa wote. Mama Njeru, jirani yetu mjane, alikuwa na mayai kwenye sanduku la kuangulia, yakipashwa joto na balbu. Jumapili moja ya baridi nikachomeka pasi kwa siri. Akaja mlangoni, akaigusa suruali yangu.

"Baba Mukami, hii ni moto. Na mayai yangu je?"

Nilichomoa pasi, lakini balbu yake ilibaki hafifu. Basi nikazunguka kila nyumba, mguu mmoja wa suruali umenyooka na mwingine makunyanzi, nikiomba wazime redio na taa. Walinicheka, wakazima. Sanduku likapata joto.

Vifaranga walipoanguliwa, aliniletea mmoja.

"Wa kuzima," akasema.

Kila nchi na soko lake, umesema. Letu lilimlipa mwizi. Kifaranga huyo akawa kuku, na mayai yote uliyokula hapa ukikua ni ya uzao wake. Washukuru majirani, si mimi.

Guka wako,
suruali bado ina makunyanzi