Misa ya Kumwombea Mchawi wa Kitabuni

Koko, bibi yangu uliyelala kaburini Mudaka,

Katika sauti zako zote, iliyobaki nami si ile ya kuniita, wala ile ya kuimba litania huku ukitwanga majani ya sombe. Ni sauti ndogo sana: ulimi kwenye kidole, kisha ukurasa. Tsk, halafu fwaa. Ilikuwa saa tisa mchana, saa yako ya Rozari ya Huruma, na ulikuwa umejifungia chumbani baada ya kutuonya kwamba anayekatiza sala ya mtu mzima anajitafutia laana. Nilikuwa napita kwenye korido na ndoo ya maji. Tsk, fwaa. Nikasimama. Rozari haina kurasa, Koko.

Nakuandikia kwa sababu ya kitabu kile, au tuseme kwa sababu ya ndugu yake wa tatu, aliyefika wewe umeshaondoka. Tonton Déo, mwanao wa mwisho, alitaka kukichoma. Mimi niliogopa kukifungua. Kwa muda mrefu kilikuwa katikati yetu, ndani ya sanduku lako la bati, na nyumba nzima ilikuwa inasubiri nani ataanza.

Unakumbuka vile viwili vya kwanza vilivyoingia nyumbani. Nilivinunua kwa muuza vitabu anayetandaza turubai lake chini pale Nyawera, hapa Bukavu: vitabu vinene vya Kifaransa, sehemu ya kwanza na ya pili ya hadithi moja ndefu. Ya tatu, aliapa, ingekuja. Kwenye jalada palikuwa na mzee wa jicho moja, fimbo inawaka mkononi, korongo amesimama begani. Ulilitazama jalada lile jinsi ulivyokuwa ukitazama daftari la mwanafunzi aliyenakili, maana ualimu wa shule ya msingi haukukutoka hata ulipostaafu.

"Huyu muzee iko nani?"

"Ni mchawi, Koko. Lakini mchawi mzuri."

"Muchawi muzuri. Na mwizi mwaminifu, yeye iko ukurasa gani?"

Ukavitia vyote viwili sandukuni. Juu yake ukaweka medali ya Bikira Maria, na juu ya medali chupa ya maji ya baraka, kama mtu anayefunika sufuria ya maziwa yasije yakafurika. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kichwa kimejaa nadharia, nikakutolea somo zima kuhusu ishara na mafumbo. Ulinisikiliza hadi mwisho. Halafu ukanituma nikachague mawe kwenye maharagwe.

Kwa hiyo siku ile nilipousukuma mlango na kukukuta umeketi kitandani, miwani puani, kitabu magotini, rozari imelazwa katikati yake kama alama ya ukurasa, nilitegemea angalau uone haya. Hukuona.

"Nasoma njo nijue adui anatembeya wapi," ulisema. "Funga mulango. Upepo inanipotezea ukurasa."

Tangu siku hiyo tulikisoma pamoja, ingawa kwa jina rasmi ulikuwa unakichunguza. Uchunguzi wako ulikuwa mkali. Mtu akila bila kusali, ulisimamisha hadithi na kumsalia wewe. Ulikasirika kwamba katika mji mzima wenye minara na madaraja hakukuwa na kanisa hata moja, "hata ya Waprotestanti." Lakini yule mzee wa jicho moja, Orvane, uliacha kumwita mchawi kabla ya kufika katikati. Ukaanza kumwita "muzee wetu."

Halafu Tonton Déo, aliyetuacha sisi Wakatoliki na kufungua chumba cha maombi kule Kadutu chenye spika kubwa kuliko waumini wake, alikuja kula Jumapili na kukiona kitabu mezani. Mkono ukasimama njiani na sambaza zake, wale dagaa wa ziwani.

"Mama, kitabu ya uchawi mu nyumba? Hii njo inafungulaka mulango kwa mapepo. Tuichome leo."

"Déo, Biblia yako iko na Samweli wa kwanza?"

"Iko naye."

"Mwanamuke wa Endori aliita muzimu ya Samweli, na muzimu ikakuya. Ile ukurasa ulishaichoma?"

"Ile iko ya kuonya watu, Mama."

"Na hii iko ya kuonya nani, ngombe?"

"Mama, mu hii kitabu ndege inasema."

"Na punda ya Balaamu ilikuwa inafanya nini? Inapiga mluzi?"

Tonton akarudi kwenye sambaza zake. Ukamwongezea bugali, kwa sababu ulikuwa mshindi mwenye huruma.

Mimi nawe tuligombana baadaye, kwenye mwisho wa kitabu cha pili. Mlima wa barafu ulio juu ya ule mji hudai mtoto mmoja kila mwaka, na mwaka huo kura ilimwangukia yatima asiye na wa kumtetea. Mzee Orvane akalaza fimbo yake chini, akamwacha korongo wake, akapanda barafuni peke yake badala ya yule mtoto. Barafu ikamfunga. Kitabu kikaishia hapo. Ulikataa kula ukisema ni tumbo. Asubuhi yake ulikuwa bado na macho mekundu, na tayari umeshafikia uamuzi.

"Atarudi."

Nikakueleza, kwa sauti ile uliyoiita sauti yangu ya diplome, kwamba hii si Injili, kwamba waandishi hukopa umbo la Injili kwa sababu ni zuri, kisha hulijaza wanachotaka.

"Mutu mwenye anaingia mu kifo fasi ya mutoto wa wengine," ulisema, "kifo haina meno ya kumutafuna."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi, basi huyo mwandishi hajue hadithi yake."

Nilifikiri yameishia hapo. Sikujua kwamba ulipita kwenye sekretarieti ya parokia. Kesho yake, misa ya asubuhi, nimeketi karibu nawe, msomaji akaanza kusoma nia za misa: fulani anaombewa afya, fulani anaombewa safari, "na marehemu Mzee Orvane, kwa ombi la Mama Mwalimu." Nilikugeukia. Ulikuwa unaangalia mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Tatizo, Koko, ni kwamba uliishi kwenye shirika. Zile nyumba za jirani zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, zina desturi moja iliyo na nguvu kuliko zote: mwenzenu akifiwa, hamumsubiri awaambie. Kabla ya saa sita walikuwa wamejaa uani na sebuleni. Mama Shukuru, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na sufuria ya maharagwe, kitenge kimefungwa kiunoni, na alianza kulia kutoka barabarani ili afike akiwa ameshapata moto. Papa Alphonse, kiongozi wa shirika, alileta mabenchi na mfuko wa makaa. Wakakuketisha chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, mahali ambapo hukuwahi kusema uwongo.

"Alikuwa ndugu yako upande gani, Mama Mwalimu?" aliuliza Mama Shukuru.

"Si wa damu. Lakini tulizoeana."

"Pole sana. Alikufaka na nini?"

"Baridi. Aliingia mu barafu."

"Eh. Basi alikuwa Ulaya."

"Fasi ya vile."

"Na kule alikuwa anafanya kazi gani?"

Ulifikiri. Nilikuona unatafuta neno la kweli kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pindo la kitenge.

"Alikuwa analinda muji."

"Sentinelle," Papa Alphonse aliwaeleza wengine kwa huzuni. "Banaenda kule na diplome, banaishia kulinda milango."

Wakatikisa vichwa. Ukawasimulia jinsi alivyojitoa kwa ajili ya mtoto asiye wake, na kilio kikapanda kweli, hakuna aliyekuwa akiigiza tena. Kisha Mama Shukuru akajifuta macho na kuuliza lile swali ambalo mwanamke wa shirika huuliza mwisho.

"Lakini alibatizwaka?"

Ulitazama juu, kwenye picha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe, siwezi kuingia wala kutoka.

"Apana," ulisema. "Na njo ile inaninyima usingizi. Mama Shukuru, huyu iko mutu wa mu kitabu."

Maharagwe yalikuwa yanatokota. Papa Alphonse alivua kofia, akaivaa tena.

"Kitabu ya watakatifu?"

"Ya muchawi."

Mama Shukuru alitazama sufuria yake, akatazama makaa yanayowaka, akatazama umbali wa kurudi kwake, ambao ni ukuta mmoja.

"Maharagwe ishafika nusu," alisema. "Siwezi kuirudisha. Utusomee vile alikufaka, njo tujue tulilia nini."

Ukasoma. Tsk, fwaa, Kifaransa kinaingia machoni na Kiswahili chetu kinatoka mdomoni bila kukwama popote, na mimi niliyesomea lugha nikabaki na sinia yangu. Mzee alipolaza fimbo chini, Mama Shukuru alilia tena, safari hii bila kujipasha moto. Ulipofunga kitabu, Papa Alphonse aliuliza peke yake, kwa sauti ya mtoto:

"Na kisha?"

"Kisha bado. Ya tatu haijafika Bukavu."

Kuanzia hapo, kila wiki baada ya sala, mtu aliuliza kama imefika. Padri akasikia, akakuita. Ulirudi mtulivu mno. Ulisema amekueleza kwa upole kwamba hawezi kumwombea mtu ambaye hakuzaliwa, nawe ukamwuliza, kwa upole vilevile, mwana mpotevu alizaliwa hospitali gani. "Alinipa kahawa," ulisema, na hukusema zaidi.

Koko, ulipolazwa hospitalini hukuniuliza kuhusu mitihani yangu wala mchumba. Uliuliza, "Ya tatu imefika?" Nikasema bado. "Utanisomea," ukasema, ukafumba macho kupumzika, na siku zilizofuata hukuwa tena na nguvu ya kuuliza.

Kitabu kilifika baada ya mazishi yako, mvua zikiwa bado hazijakata. Binamu yangu alikivusha mto Ruzizi, pale mpakani, ndani ya mfuko wa nguo za mtoto. Nilikiweka sandukuni bila hata kukisoma mgongo, medali juu, maji ya baraka juu ya medali, na nikaanza kuzunguka sanduku hilo kama kuku anayezunguka nyoka. Nimesoma vitabu vingi vya watu wasiotegemea kitu. Najua wanavyopenda kuwaacha wazee wao barafuni na kusema huo ndio ukweli. Kikiwa kimefungwa, ulikuwa bado uko sahihi: atarudi. Kikifunguliwa, labda ningelazimika kukuzika mara ya pili, na safari hii mimi mwenyewe ndiye mwenye jembe.

Kisha familia ikaketi kupanga siku ya kuondoa msiba na kugawa vitu vyako. Vitenge kwa wakwe, Biblia kwa mtoto wa kwanza. Tonton Déo akaomba vitabu vitatu. Alitaka kuvichoma mbele ya waumini wake, iwe ushuhuda.

"Mama alikuwa mutu wa Mungu," alisema. "Hii kitabu njo ilimuchanganya mu siku za mwisho."

Ningeweza kumjibu kwa nadharia. Ninazo nyingi. Lakini niliona kwamba mimi na yeye tulikuwa tunaogopa kitabu kile kile, yeye kwa sababu huenda ni cha shetani, mimi kwa sababu huenda si cha Mungu, na mtu pekee aliyekisoma bila woga yuko Mudaka chini ya migomba yake. Nikamwambia aje siku shirika litakaposali kwetu.

Alikuja. Amevaa koti, chupa ya petroli kwenye mfuko wa plastiki. Sala ilikuwa imeisha na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti chako chini ya Moyo Mtakatifu, kitabu wazi. Nililamba kidole. Ile sauti ilipotoka, Mama Shukuru alishika kifua. Nikaanza kusoma, kwa Kiswahili kinachojikwaa kila baada ya sentensi, na Papa Alphonse akinisahihisha bila kujua hata neno la ukurasa ule. Tonton alibaki mlangoni. Nilipofika mahali ambapo korongo anarudi peke yake kwenye lango la mji, nikanyamaza kuvuta pumzi.

"Endelea," alisema Tonton. "Nasikiliza njo nijue adui anatembeya wapi."

Hakujua ni maneno ya nani. Petroli ile ilibaki kwetu, tunaitumia kwenye jenereta. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, kila mara anatukumbusha kwamba ni uchawi, na kila mara ananikataza kuruka ukurasa.

Juzi tulimaliza. Sitakueleza mwisho wake. Nadhani umeshaupata huko kutoka kwa mhusika mwenyewe, umeketi naye, unamwuliza kwa nini hasali kabla ya kula.

Leo asubuhi nilikwenda sekretarieti ya parokia kuandikisha misa mbili za siku ya kuondoa msiba. Ya kwanza ni yako, Mama Mwalimu, marehemu. Sekretari akaandika. Ya pili, nikasema, ni ya Mzee Orvane. Alilikumbuka jina, akatabasamu, akaanza kuliandika chini yako, kwenye marehemu.

"Apana," nikamwambia. "Huyo umuweke kwa shukrani."

Ubaki na amani, Koko. Nikija Mudaka nitakuja nacho.

Mjukuu wako wa kuchagua mawe kwenye maharagwe