Argia Melloni, Mkono Uliochora Mwezi

Mwaka umetimia, dada Argia, tangu ulipochovya brashi kwenye kikombe cha kahawa badala ya kikombe cha maji, ukaitazama, ukacheka, ukalaza kichwa mezani. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Martino, ukungu umejaa chini ya matao, mvinyo mpya umeshafunguliwa. Mke wangu Dirce alikuwa akiita kutoka jikoni, "Wifi, supu inapoa!" Ikapoa kweli.

Mpaka leo Dirce akiandaa meza anaweka sahani moja zaidi. Hatumsemi.

Tunakumbuka ulivyoingia karakana ya karata ukiwa msichana. Walikuambia wanawake hawachori, wanapaka rangi tu. Ukapaka. Kisha vibao vya chapa vikaungua, tajiri akashika kichwa, nawe ukazichora upya turufu zote, zile karata za picha kama Mwezi na Nyota, kwenye meza yetu ya jikoni, ukisukuma unga wa mama kwa kiwiko. Karata zikatoka na jina la tajiri kwenye ree ya sarafu, pale jina la mtengenezaji hukaa. Lako halikukaa popote, wala hukulidai.

Karata zikatembea nchi za watu, mpaka kwa watabiri wenye mishumaa. Ulicheka. "Maskini hao! Wanamuuliza Zelinda habari za kesho, na Zelinda hajui hata soksi zake ziko wapi." Maana Mwezi ulikuwa na uso wa Zelinda, mfua nguo wa mtaani kwetu, na kidevu chake kile. Mzee mwenye taa alikuwa baba, akishuka ghalani kutafuta chupa. Na Mpumbavu, karata isiyomshinda mtu wala kuchukuliwa na mtu, nilikuwa mimi mdogo wako. Nilipolalamika ulisema, "Ni wewe peke yako uliyekubali kusimama bure."

Wewe ulichora, mimi nikasimulia. Nilisema askofu alicheza karata zako akapoteza nyumbu na kofia. Nilisema baharia mmoja aliiona Nyota yako mgongoni mwa nyangumi. Ulikuwa ukipita na sinia, bila hata kuinua macho: "Punguza, Nerio." Nami nilipunguza. Kofia nilimrudishia askofu.

Basi ulipoondoka, ulituacha pabaya. Baada ya mazishi nilisimama katika baa tunayochezea, nikawaambia wenzangu kwamba karata walizoshika umezichora wewe. Wakacheka.

"Nerio, juzi ulivua kambare akakuomba kiberiti," alisema Ermete, mume wa Zelinda.

"Huyo kambare simtetei. Hili ni kweli."

"Kweli yako ina mkia, bwana wee!"

Wajukuu wa tajiri nao, tulipowaomba jina lako liwekwe kwenye chapa mpya, walitaka shahidi. Wasichana uliofanya nao kazi wametangulia. Nikaona nimebaki mimi, mtu ambaye nikisema mvua inanyesha, aliyelowa anatoka nje kuhakikisha. Siku ile nilirudi baa nikalia mbele ya watu, dada, nao wakadhani machozi ni sehemu ya hadithi.

Ndipo Zelinda alipoingia kumfuata mumewe.

"Ermete! Umehamia hapa? Nikuletee na godoro?"

Akasimama, mkono kiunoni, kidevu mbele. Niliuchukua Mwezi mezani nikauweka kando ya shavu lake.

"Mnanitazama nini?"

Ermete aliitazama karata, akamtazama mkewe, akairudia karata. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Miaka yote hii nakubamiza mezani."

"Argia alinichora nikianika mashuka," Zelinda akasema. "Alinikataza nisicheke. Kwani hamkujua?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Hata mimi, dada, sikuwa nimefikiria kumuuliza.

Ermete aliomba kalamu, akaandika jina lako kwenye ree ya sarafu, chini ya jina la tajiri. Mwenye baa akapiga kelele, "Wee! Unatia alama karata zangu!"

"Alama ni mgongoni. Hii ni usoni. Kaa kimya ulete seti nyingine."

Sasa hakuna seti katika baa ile isiyo na jina lako, kwa mwandiko mbaya wa wazee. Zelinda amekwenda mwenyewe kwa wale wajukuu, kidevu mbele, na Mwezi mkononi. Bado hawajajibu. Wewe ungesema waachwe. Sisi hatuwaachi.

Leo alasiri kule baa kiti chako, cha mbele yangu, kitakuwa kitupu. Mezani kwetu, anayegonga kwa ngumi anamwomba mwenzake atoe karata yake bora. Tutagonga wote, dada, ingawa yako ulishaitoa zamani nasi hatukuiona.

Haya yote nimeyasimulia bila kuongeza kitu. Nimemaliza, nikasikiliza kama kuna mtu anapita na sinia. Nyumba ilikuwa kimya.

Unakumbukwa na mdogo wako Nerio. Wifi yako Dirce. Loretta na Gianfranco, wanaokuita shangazi hata sasa. Majirani zako Zelinda na Ermete. Na wazee wote wa meza ya dirishani.

Hatutakusahau kamwe, Argia. Hapo sipunguzi hata neno.