Arobaini ya Baba Yake Ilgizar

Ilgizar wangu amekuwa daktari wa elimu ya Uislamu, Kazan nzima imempigia makofi! Salamu zije nyuma, dada Faniya. Nani mwingine kijijini ana mtoto kama huyo? Nilioka gubadia tatu, zile pai zetu za wali na zabibu, nikakaa safu ya mbele ya ukumbi wa chuo na ushungi wangu mpya. Ng'ombe naye kazaa, jike.

Basi akaanza kusoma utafiti wake, nikasikia anaieleza arobaini ya marehemu baba yake. Hitma yetu, dada, ile uliyolia wewe! Eti ni "mabaki ya upagani", na mimi ni "bibi wa kijijini, elimu ndogo". Kumbe siku ile akinywa supu yangu ya tambi alikuwa akituchunguza.

Nikamvuta nje. "Ulikuja kumwombea baba au kutuandika?"

"Mama, ndivyo wataalamu wanavyoandika. Hata jina lako sikulitaja."

"Heri ungelitaja! Bila jina mimi ni bibi wa nani?"

Gubadia wakala maprofesa, yeye sikumpa hata kipande.

Hitma ya mwaka itasomwa vilevile. Nimemwambia aje kama mtoto wa marehemu, au asije kabisa. Mimi mdogo wako Minsilu, mama wa daktari, nawangoja nyote Ijumaa ya kwanza ya Juni.