Mwaka wa Mahakama Mbili

Jumatatu, 12 Januari

Kesi tisa kwenye orodha. Saba hazikuendelea. Nilisimama mlangoni nikaita mashahidi, kila jina mara tatu. Korido tupu. Gedi, mkalimani wetu, alikaa siku nzima bila neno la kutafsiri. Ile kesi ya kisu imekwisha kwa maslaha: wazee wa pande mbili wamekaa, wamekubaliana, ngamia wametolewa, na aliyechomwa hana haja tena na korti. Mwaka wa nane huu mimi ni karani wa mahakama Garissa. Nimezoea. Binti yangu Wakesho ameanza kidato cha tatu. Viatu vimembana, sijamnunulia vingine. Mamake amepiga simu kutoka Wundanyi, wadogo zake hawajambo.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya kanisa nilikaa na tasnifu yangu ya chuo. Mhadhiri amekubali mada yangu: Ayalandi, mwaka wa 1920. Waingereza bado walikuwa na mahakama zao kule, majaji na majoho yao, lakini watu waliacha kwenda. Wakaunda mahakama zao wenyewe, kwenye mabanda na madarasa. Kasisi alihukumu, mwalimu alihukumu, mkulima alihukumu, na watu walitii. Kuna wengine walihukumiwa kukaa kisiwani. Polisi wa mfalme walipokuja na mashua kuwaokoa, wakawafukuza kwa mawe. Walisema wao ni wafungwa halali.

Nilicheka peke yangu. Karani wa korti tupu anasoma habari za korti tupu. Nikaandika: "Haki huishi pale watu wanapoiamini." Sentensi nzuri. Niliipenda sana.

Jioni Haji Dahir, mwenye nyumba wetu, alituletea nyama ya ngamia. Miaka minane hajawahi kunipandishia kodi. Mtu mwema.

Alhamisi, 26 Februari

Wakesho amegongwa na gari. Saa kumi na mbili kasorobo, njiapanda ya wauza maziwa. Saa ile ya Ramadhani kila dereva anakimbilia futari. Probox nyeupe. Aliyeendesha ni Yusuf, mtoto wa Haji Dahir. Aliyembeba Wakesho mpaka kwenye tuktuk ni Halima, mjane anayeuza maziwa ya ngamia pale. Leso yake yote ilikuwa damu. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 27 Februari

Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Nimetia sahihi. Mkawasi, mke wangu, yuko njiani, basi la pili sasa. Sijui nitamwambiaje.

Jumanne, 3 Machi

Haji Dahir alikuja hospitalini na saumu yake, akakaa sakafuni kando ya kitanda. Alilia bila kujificha, akaniita ndugu kwa Kisomali. "Mtoto yako ni mtoto yangu, walaal." Nilimwamini. Nilimshika mkono.

Mchana nikaenda kituo cha polisi. Yusuf ameandikisha kwamba Wakesho alikimbilia barabarani akiangalia simu. Simu ya Wakesho ilikuwa mezani nyumbani, kwenye chaji. Niliiona mwenyewe niliporudi kuchukua shuka zake. Halima naye ameandikisha: Yusuf ndiye aliyekuwa na simu sikioni.

Sijawahi kumchukia mtoto wa mtu. Leo nimemchukia.

Jumatatu, 23 Machi

Idi imepita. Wazee watano wa upande wa Haji Dahir walikuja nyumbani, wamevaa vizuri, wapole. Wamekuja kwa maslaha. Nikawaambia kesi iko kortini. Mkubwa wao akasema, "Korti ni ya serikali. Sisi ni jirani. Serikali itaenda, jirani atabaki." Aliyejibu ni Mkawasi. Akasema hapana, akarudi jikoni.

Waliacha sukari na mchele mlangoni. Najua kuliko wote waliokuwa pale kesi kama hii huishaje.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Wakesho yuko nyumbani na magongo. Alianguka mara mbili bafuni, hakutaka nimsaidie. Kanisani tulienda kwa tuktuk. Watu walimwangalia mguu kwanza, uso baadaye.

Nikafungua tasnifu kwa mara ya kwanza tangu Februari. Nikaisoma ile sentensi yangu. Kwenye lile banda la Ayalandi alikaa nani kuhukumu? Jirani wa nani, shemeji wa nani? Mtu mdogo ambaye kila mwamuzi ni ndugu wa adui yake, alienda wapi? Vitabu vyangu vinasema kidogo sana. Mimi nilisema kidogo zaidi. Nikafunga.

Alhamisi, 7 Mei

Kesi imesikizwa, yaani haikusikizwa. Hakimu aliniweka kando tangu mwanzo, leo nilikuwa masijala asubuhi, kisha nikakaa kwenye benchi la wananchi, mzazi kama wazazi wengine. Karani mwenzangu akaita: Halima. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake ilishuka. Hakutokea.

Imeahirishwa. Yusuf alitoka na shati lake jeupe. Gedi aliangalia karatasi zake mpaka nikapita.

Jumamosi, 9 Mei

Nilienda njiapanda. Mahali pa Halima amekaa binti wa dadake, na madebe yale yale ya maziwa. Akasema Halima amepelekwa Diff kwa mjomba wake, mpakani kabisa, mpaka mambo yatulie. Hakusema nani amempeleka. Sikumuuliza.

Saa kumi Halima akanipigia, upepo umejaa kwenye simu. "Mwakio, mimi niliona. Mungu anajua niliona. Lakini mimi ni mjane, na hao ndiyo watu yangu." Nikamwambia naelewa. Sikuelewa. Nilitaka kumpigia kelele. Mwanamke aliyembeba mtoto wangu mikononi.

Sasa nikiandika, naelewa kidogo.

Jumatano, 20 Mei

Haji Dahir hajatufukuza. Kila asubuhi analeta chupa ya maziwa mlangoni, hagongi. Mkawasi anayamwaga. Akimwaga nusu, Wakesho anakunywa iliyobaki. Hawasemezani juu yake.

Mkawasi anarudi Wundanyi kesho, wadogo wako peke yao na nyanya yao. Anataka sote tuhame. Tumegombana vibaya. Ameniuliza kama naogopa kupoteza kazi au naogopa kupoteza tasnifu. Imeniuma kwa sababu sijui.

Jumanne, 16 Juni

Imeahirishwa tena. Kiongozi wa mashtaka ameniita pembeni, akaniambia wazi: bila Halima, kesi itaanguka. Nimeandika maneno hayo kwenye faili za watu wengine mara ngapi.

Nilimwambia Wakesho ukweli tukila. Nilidhani atalia. Akasema, "Baba, mimi sitaki afungwe. Nataka aseme. Shuleni wanaamini nilikuwa naangalia simu. Hata mwalimu." Nikamwambia mahakama ndiyo itasema. Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto.

Jumapili, 28 Juni

Nilivuka ua mpaka kwa Haji Dahir. Tangu Machi sijaingia kwake. Akaweka chai. Nikamwambia nitakaa kwenye kikao cha wazee, lakini Wakesho ataongea kwa mdomo wake, na Yusuf atamjibu mbele yake.

Akatikisa kichwa. Kisha: "Mtoto ya kike hawezi kuongea kwa kikao, walaal. Wewe ni baba, wewe utaongea."

"Mimi sikugongwa," nikamwambia. "Kama haongei, hakuna kikao."

Niliondoka chai ikiwa bado na mvuke. Miaka minane ya ujirani, nimemwachia kwenye kikombe.

Ijumaa, 3 Julai

Gedi alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Hajaingia nyumbani kwangu tangu ajali. Kumbe amekuwa akienda kwa wazee wiki yote, mmoja mmoja, kuwaomba. Amewaambia kortini ametafsiri maneno ya wanawake miaka kumi na tano na ardhi haijapasuka. Wamekubali. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Atatafsiri mwenyewe.

Nilitaka kumuuliza kwa nini alisubiri mpaka sasa. Nikamtengenezea chai.

Jumamosi, 11 Julai

Niandike yote kabla sijasahau.

Baraza ya Haji Dahir. Mikeka. Wanaume kumi na mmoja, wote chini. Wakesho hawezi kukaa mkekani akanyanyuka peke yake, kwa hiyo alipewa kiti cha plastiki. Akawa juu ya kila mtu. Nadhani hawakuwa wamelifikiria hilo. Alivaa sare ya shule, na mtandio ambao mke wa Haji alimpa mlangoni. Magongo yake, mzee mmoja alimshikia.

Dua. Maneno mengi ya mwanzo, ya ujirani, ya Mungu. Kisha wakamgeukia. Alikuwa na karatasi mkononi, hakuisoma.

"Simu yangu ilikuwa wapi, Yusuf?"

Gedi akatafsiri, ingawa kila mtu pale alisikia Kiswahili. Haji Dahir akasema jambo fupi kwa Kisomali, na Gedi hakulitafsiri. Yusuf alikuwa anavuta uzi kwenye mkeka. Miaka ishirini na mbili. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyo mdogo.

"Simu yako sijui," akasema. "Mimi ndiyo nilikuwa na simu. Nilikuwa naongea." Akameza mate. "Nilikuona. Nilikuona nikiwa nimechelewa."

Haji Dahir akajifunika uso kwa shali lake. Hakuna aliyemgusa.

"Uwaambie na shuleni," Wakesho akasema.

"Nitawaambia."

"Sawa."

Basi. Miezi minne na nusu, na neno lenyewe "sawa". Baadaye wazee wakaamua mengine: matibabu, mguu wa bandia, karo mpaka amalize. Sikusikiliza vizuri. Yusuf akaja kunishika mkono, nikampa. Sikumsamehe. Nilimpa mkono tu.

Jumatano, 22 Julai

Yusuf alienda shuleni Jumatatu na babake, akasema mbele ya darasa. Wakesho alisimulia kwa ufupi, kisha akala sahani mbili.

Leo ilikuwa zamu yangu. Nilisimama mbele ya hakimu wangu mwenyewe kuomba kesi iondolewe, kama tulivyokubaliana kwenye kikao. Akauliza kama nafanya hivyo kwa hiari yangu, bila kushurutishwa. Nikasema ndiyo. Akanitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akaandika.

Nimeona haya. Sijaona haya hivi tangu nianze kazi. Wakesho ameridhika, mimi bado. Naomba niandike hilo bila kulipamba.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimewasilisha tasnifu. Ile sentensi niliitoa. Mahali pake kuna sura nzima, fupi, ninayokiri ndani yake kwamba sijui waliokaa kimya katika mabanda yale ya Ayalandi walikuwa wangapi, wala walipelekwa wapi. Lakini nimeandika pia kwamba palikuwa na watu waliosema kweli mbele ya majirani zao, ambao mbele ya jaji wa mfalme wangeapa uongo. Mhadhiri atauliza ushahidi uko wapi. Sina wa kutosha.

Halima amerudi njiapanda. Leo nilinunua maziwa kwake. Tukasalimiana, habari za watoto, habari za mvua. Aliongeza kikombe kimoja juu, cha bure. Nikakipokea.

Jumapili, 20 Desemba

Wundanyi. Ukungu asubuhi, baridi mpaka mifupani, harufu ya kuni mbichi. Wadogo wa Wakesho wameushika mguu wa bandia, wameugonga kwa vidole, wameuchoka, wamekimbilia nje.

Tulikaa jikoni kwa mama yangu. Mama aliuliza swali ambalo mimi na Mkawasi tumelikwepa miezi yote.

"Huyo kijana alifungwa?"

Nilifungua mdomo. Wakesho akanitangulia.

"Hapana, nyanya. Alikubali kwamba ni yeye."

"Alikubali mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Mama alichochea moto. Kisha akasogeza sufuria ya viazi vitamu na visu viwili kati yake na Wakesho, wakaanza kumenya.