Jumamosi Wanazika Nywele Zangu, na Mimi Nipo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo watu wa nyumba hii wananizika na mimi nipo.

Nimeolewa hapa Kinyangiri, nilikuwa mnene tangu ujana, presha na magoti vikanitesa, basi dada yangu Witness akanipeleka Dar es Salaam nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ila nyumbani, hata kwa mume wangu Zefania, niliaga kwamba naenda kumuuguza shangazi, kwa kuogopa mama mkwe angesema nimemkosoa Mungu aliyeniumba, nikakaa kwa dada miezi kadhaa mpaka nikapona, na niliporudi nimekonda, mama mkwe aliacha kupepeta mtama, hakuitikia shikamoo yangu, akauliza tu, "Huyu mmemtoa wapi?"

Nilidhani ni utani. Sasa nikila uji vijiko vichache nashiba, naye ananitazama, pete ya ndoa inadondoka yenyewe, halafu nywele zikaanza kutoka, nikichana zinabaki kwenye kitana, nikiamka mto umejaa, nikamkuta mama mkwe anaziokota kwenye ufagio moja moja na kuzifunga kwenye kanga yangu ya zamani, nikamuuliza za nini, akajibu kwa upole ulionitisha: "Hizi ndizo zilizobaki za Lea wetu. Wewe kula pumba zako, hatukufukuzi." Wanasema Lea alifia Dar na aliyerudi ni msukule, mfu wa kulishwa pumba. Baba mdogo Melkiori ameshachimba shimo pembeni ya alizeti, dogo, kama la kichanga, na mume wangu anasema tumwache mama atulize moyo.

Kinachoniua ni binti yangu Jesca. Nikimwita haitiki, anasimama ananiangalia. Jana mchana nilimbembeleza, akaninong'oneza, "Bibi kasema nikikuitikia nitakufuata huko." Na nikwambie ukweli, nimeanza kujiuliza kama niliamka kweli pale kwenye kitanda cha upasuaji, maana nikijiangalia kwenye kioo yule simfahamu. Hata vitamini nilizopewa nilizificha kwenye debe la mtama nisiulizwe, na sijazimeza tena. Nifanyeje?

Lea, Mkalama

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, Lea. Barua yako nimeisoma jua likiwaka na bado niligeuka kuangalia nyuma yangu. Hujafa. Msukule haulizi afanyeje.

Ila umenikasirisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo chako umekitunga mwenyewe. Uliondoka mnene ukarudi nusu, bila neno. Ulitaka yule mama afikiri nini? Anamlilia mkwe wake. Katika nyumba hiyo ni yeye peke yake anayekulilia.

Nywele zako hazijachukuliwa na mtu. Miezi michache baada ya upasuaji kama huo mwili hubana matumizi, na nywele ndizo huanza kunyimwa. Kwa wengi huota tena, mradi wale inavyotakiwa. Na wewe unaficha vitamini kwenye mtama! Wapigie leo hii waliokupasua, waambie uliziacha, wakuelekeze upya na upimwe damu. Kila mlo anza na yai, maziwa, samaki au maharage laini, uji baadaye. Ukitapika mfululizo au miguu ikafa ganzi, kimbia hospitali. Usisuke nywele za kubana, na usinywe mizizi ya mtu yeyote.

Jumamosi usijifungie chumbani. Asubuhi mwite mama mkwe ndani pamoja na Zefania, piga magoti, mfunulie tumbo aguse makovu kwa vidole vyake, umweleze yote. Atakutukana. Mwache akutukane, maiti hatukanwi.

Kisha tokeni mpaka kwenye alizeti, kichwa wazi, na nywele zako hizohizo chache. Usiharakishe kumwita Jesca. Mwombe kwanza bibi yake amwambie, mbele ya watu, kwamba anaruhusiwa kukuitikia. Ndipo umwite kwa jina. Akisema "Abee, mama," chukua jembe ulifukie shimo hilo wewe mwenyewe.