Kaburi la Kwenye Tuta

Jumanne, 20 Januari 1976
Mivinje thelathini na mmoja imekatwa. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Miti tuliyoipanda kijiji kizima mwaka juzi, tukaimwagilia kwa ndoo, ili ilishike tuta linalozuia maji ya chumvi yasiingie kwenye majaruba ya mpunga. Sasa ni fito kwenye mapaa ya watu.

Jioni mkutano. Nikasema yangu yale yale: hatupandi kwa kumwogopa Mungu wala shetani wala bwana mkubwa wa wilaya, tunapanda kwa sababu mpunga ule tutakula sisi na watoto wetu. Binadamu anamtunza binadamu, basi. Wakapiga makofi. Mwenyekiti Mnali akanivuta pembeni: wamekuelewa, mwalimu, ila nyumba hazingoji.

Jumamosi, 31 Januari
Kumi na nne tena.

Bamvua la juzi, maji makuu ya mwezi, limepenya. Jaruba la mwisho limeungua, majani manjano mpaka shinani. Tuta likikatika kabla ya mavuno hatuna chakula, hatuna mbegu. Mimi ndiye niliyewachagulia mashamba pale.

Danieli, mwalimu mwenzangu, akasema kwa mzaha: kule tulikohama hakuna aliyethubutu kukata mti makaburini. Tukacheka. Mimi nikaacha kucheka kabla yake.

Jumatatu, 2 Februari
Nimefanya. Mimi na Danieli, asubuhi mapema kabla ya kengele ya shule. Tumekusanya mchanga juu ya tuta, tumeupangia mawe pembeni, tumechomeka kijiti. Dakika ishirini na kaburi limekwisha, bila maiti.

Aibu. Mimi ambaye tangu nitoke misheni sisali popote, ninayewafundisha watu wazima kuwa hofu si elimu! Lakini uongo sitasema. Nitanyamaza tu. Akiuliza mtu, sijui.

Alhamisi, 19 Februari
Hakuna hata tawi lililokatwa. Wiki mbili na nusu.

Wanawake wanaokwenda kuokota chaza wanazunguka mbali. Mtu ameacha unga mweupe kidogo juu ya jani. Wanasema ni mmoja wa wale maiti walioletwa na mto Ruvuma miaka ya vita ya ng'ambo. Si mimi niliyesema. Lakini nawakumbuka wale. Maji yakipwa yaliwaacha kwenye mizizi ya mikoko, tukawazika bila majina, nami nilishika miguu ya mmoja. Nilidhani nimesahau uzito wake.

Leo nimepita pale nikajikuta nimevua kofia.

Jumapili, 14 Machi
Bi Somoe amekuja. Mama yake Mfaume, kijana aliyevuka mto mwaka 1971 kumtafuta mjomba wake, asirudi. Miaka mitano mama huyu amekataa matanga. Tulipohamia hapa aliniomba niandike kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba yake ya zamani: Mfaume, mama yako yuko kijiji kipya, nyumba ya nne kutoka shuleni. Mvua ikifuta, ananituma tena. Nimeandika mara tano sasa.

Leo amesema nisiandike tena. Amemwona mwanawe.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema: kaburi la kwenye tuta limelazwa vibaya, mwanangu. Mtu wa hapa angemlaza mashariki na magharibi, uso kibla. Huyu kazikwa na watu wa kupita, hawakujua dini yake, ndiyo maana hakuna aliyekuja kuniambia.

Ni mimi. Nililifuata tuta, kaskazini kwenda kusini, kwa sababu mchanga ulikuwa umelala hivyo. Wala sikufikiri.

Nilipaswa kusema pale pale. Nikamletea maji ya kunywa.

Jumatano, 17 Machi
Matanga kwa Bi Somoe. Mikeka mpaka barazani. Majirani wanasema amelala vizuri usiku, siku tatu mfululizo, anakula, hata jana alicheka. Danieli ananiambia acha: mama kampata mwana, kijiji kimepata miti, nani kaumia?

Nikaenda darasani. Lakini mchana nikiandika hesabu ubaoni nilisikia nikiitwa kwa jina langu la utotoni. Sauti ya mwanamume. Nikageuka. Watoto wote wameinamia madaftari. Nikafuta ubao mzima bila sababu.

Na kama Mfaume yu hai? Vita imekwisha, watu wanarudi. Akifika mlangoni pa nyumba ya zamani akakuta ubao mtupu?

Naogopa. Naandika neno hilo lilivyo. Naogopa kaburi ambalo najua halina mtu.

Ijumaa, 19 Machi
Bi Somoe anataka mwanawe afukuliwe, alazwe upya kuelekea kibla. Maalimu wa msikitini alisema maiti wa siku nyingi huachwa alivyo. Mama akamjibu kuwa yeye ndiye aliyemzaa. Basi wamekubali. Kesho asubuhi.

Nikamwendea Mnali. Nikaanza: mwenyekiti, pale kwenye tuta... Akanikata. Akasema mpunga umeanza kuchanua, mwalimu, na miti ikiondoka tumekwisha. Akaniuliza habari za mahudhurio ya kisomo cha watu wazima.

Kwa hiyo anajua. Au hajui. Sijalala vizuri tangu Jumapili.

Jumamosi, 20 Machi
Nimekwenda nikiwa nimeshaamua kusema. Maneno nilikuwa nayo, machache, nimeyapanga njiani.

Watu kama arobaini. Bi Somoe ameketi mchangani, sanda mpya mapajani, kainunua Mikindani dukani kwa Mohamedali. Hakulia. Alikuwa akiisawazisha mikunjo kwa kiganja, tena na tena, kama shuka la mtoto. Nikafungua mdomo.

Akanishika mkono. Akasema: mwalimu, wewe ndiye unayepita hapa kila siku. Kichwa kiko upande gani? Waonyeshe, jembe lisije likamgusa.

Wote wakanitazama. Danieli akatazama maji.

Nikanyoosha kidole. Nimeonyesha upande wa kaskazini.

Akasema ahsante mwanangu. Mnali akanituma nikachukue jembe la shule, mawili hayatoshi. Nimelitoa stoo, nimeliegemeza mlangoni, nimekaa kuandika haya. Huku dirishani naona wameshaanza, taratibu sana, wanachimba kuanzia miguuni.